Modeli Inapita, Chipu Inagoma: Vidokezo vya Kuzalisha Kodi ya FPGA Kutoka Simulink

Kichujio chako kinafanya kazi vizuri ndani ya Simulink. Skopu inaonyesha wimbi safi, kelele zimekatwa, na picha ya skrini umeshamrushia msimamizi wa mradi. Unabonyeza kitufe cha kuzalisha VHDL, na HDL Coder inakumwagia makosa mekundu skrini nzima. Au inakuja balaa ya pili, iliyo mbaya kuliko hiyo: hakuna anayelalamika, kodi inatoka, Vivado inaipokea, bodi inawashwa, halafu kimya.

Vidokezo hivi ni vya mtu aliyefika hapo. Mfano nitakaoutumia ni kichujio cha sauti kinachopokea sampuli 48,000 kwa sekunde kwenye bodi ya Arty A7-35T, ambayo saa yake ni MHz 100. Mwenye bodi nyingine abadilishe tarakimu tu. Na niseme mapema ninachoamini: mchawi kwa kawaida si HDL Coder. Kompyuta inapoiga ishara hukupa vitu viwili bure, namba ndefu kadiri utakavyo na hesabu isiyokula muda. Kwenye chipu vyote viwili vina bei.

1. Shughulika na kosa la kwanza tu

Makosa huzaana. Mlango mmoja wa bloku ukiwa na aina ya namba isiyokubalika, kila bloku inayofuata kwenye njia ya ishara nayo italalamika, na utahesabu makosa ukurasa mzima kumbe ni moja. Rekebisha la juu kabisa, endesha tena, ndipo uangalie yaliyobaki.

Tumia amri ya checkhdl kabla ya makehdl. Ya kwanza hukagua na kukupa ripoti yenye viungo vya kukupeleka kwenye bloku husika. Ya pili ndiyo inayozalisha. Na kabla ya zote mbili, andika hdlsetup pamoja na jina la modeli. Amri hiyo hupanga mambo kadhaa kwa mkupuo mmoja, likiwemo la kuufanya uigaji uende kwa hatua zilizo sawa badala ya hatua zinazonyumbuka. Kuna watu humaliza jioni nzima wakifungua menyu moja baada ya nyingine kutafuta kile ambacho mstari huo mmoja ungewapangia.

2. Chora mpaka kati ya chipu na meza

HDL Coder huzalisha kodi ya mfumo mdogo mmoja uliouchagua. Ndani yake kiingie kitakachochongwa kwenye chipu, basi. Chanzo cha wimbi la saini, jenereta ya kelele, na bloku za kulinganisha matokeo vyote vikae nje, kwa sababu hivyo ni vifaa vya mezani. Bloku zinazofanya kazi kwa muda usiokatika, kama Integrator au ile Transfer Fcn yenye herufi s, hazina nafasi ndani kabisa: chipu ya kidijiti haina habari ya kilichotokea kati ya sampuli na sampuli. Tafuta ndugu zao wa sampuli.

Ukihitaji wimbi la saini ndani ya chipu, zipo bloku za NCO, na zipo za CORDIC. Hii ya pili ina historia tamu. Jack Volder aliitangaza mwaka 1959 akiwa mhandisi wa kampuni ya Convair, alipokuwa akitafuta namna ya kuondoa kifaa cha analogi kwenye kompyuta ya kuongozea ndege ya B-58. Saini na kosaini hupatikana kwa kujumlisha na kusogeza biti tu, bila kizidishi hata kimoja. Miaka yote hii imepita na bado ndiyo tunayoikimbilia vizidishi vinapoadimika.

3. Fukuza double mapema

Simulink usipoiambia kitu hutumia double, namba ya biti 64 yenye nukta inayoelea. Hapa ndipo mtego ulipo, kwa sababu kuzalisha kodi kunaweza kufanikiwa. Fungua faili la VHDL uangalie milango: ukiona neno real, umenaswa. VHDL ina aina hiyo na programu za uigaji zinaielewa vizuri, ila programu ya usanisi haiwezi kuigeuza kuwa waya na rejesta. Ndiyo maana majaribio yanapita na Vivado inakataa.

Dawa ya kawaida ni namba za nukta tuli, yaani zile ambazo biti za kabla na baada ya nukta zimegawanywa tangu mwanzo. Sampuli ya sauti ya biti 16 huandikwa fixdt(1,16,15): ina alama ya chanya na hasi, biti 16 kwa jumla, na 15 kati ya hizo ziko baada ya nukta. Tangu toleo la R2016b, HDL Coder inaweza pia kuzalisha saketi za nukta inayoelea zinazosanisika kweli. Ni msaada mkubwa pale ambapo namba moja ni ya mamilioni na jirani yake ni ya sehemu ya milioni. Lakini kwa kichujio cha sauti ni anasa. Utalipa kwa nafasi kwenye chipu na kwa midundo mingi ya saa, na sikio halitasikia tofauti.

4. Hesabu biti kwa kalamu na karatasi

Chukua fixdt(1,16,15). Inaanzia -1 na kuishia 0.99997 hivi, 1 yenyewe haimo. Sasa zidisha -1 kwa -1. Jibu ni 1, halina pa kukaa, na kama umeacha namba izunguke badala ya kuibana, 1 yako inageuka -1. Kwenye spika ni mlio mkali wa ghafla katikati ya sauti nzuri.

Kichujio cha FIR chenye vigezo 64 kinazidisha biti 16 kwa biti 16, kila zao linakuwa biti 32, kisha mazao 64 yanajumlishwa na kuongeza biti 6. Jumla 38. Ukiikata iwe 16 baada ya kila jumlisho, makosa ya kukata yanarundikana na wimbi linakuwa na chengachenga. Usikate njiani. Kikusanyio kilicho ndani ya kila DSP48E1, kile kitengo cha kuzidisha cha chipu za Artix-7, kina upana wa biti 48 na umeshakinunua pamoja na bodi. Beba biti zako zote 38 mpaka mlangoni, ndipo ukate mara moja.

Kubana namba isipite kikomo hugharimu saketi ya kulinganisha kila mahali unapoiweka, kwa hiyo mimi huiweka kwenye mlango wa kutokea tu. Ndani ya kikusanyio namba ikizunguka katikati ya safari si neno: hesabu ya kijalizo cha mbili hujirudi yenyewe, mradi jibu la mwisho linaenea kwenye biti ulizotenga.

5. Ishara ya majaribio iwe chokozi

Wimbi la saini lenye urefu wa nusu ya kikomo halimsumbui mtu. Tuma mraba unaogonga kikomo chenyewe, kelele nasibu kwa nguvu zote, sifuri ndefu kisha mshtuko mmoja. Tuma na -1 mfululizo.

Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, na haikumaliza hata dakika moja hewani. Namba ya biti 64 yenye nukta inayoelea ilikuwa inageuzwa kuwa namba kamili ya biti 16, na mara hiyo haikuenea. Programu hiyo ilikuwa imerithiwa kutoka Ariane 4, ambayo kwa njia yake ya kuruka namba ile haikuwahi kukua kiasi hicho. Programu ilikuwa na miaka ya kazi nyuma yake. Kilichokosekana ni jaribio lenye namba za roketi mpya.

6. Ukiambiwa ulinganishaji wa ucheleweshaji umeshindikana, tafuta kitanzi

Hili ndilo kosa linalowatoa watu jasho kuliko yote, na ujumbe wake hausaidii mtu asiyejua kilichotokea ndani. Tulia nalo.

Ili saketi iende kwa kasi, programu hupenda kupachika rejesta katikati ya hesabu. Kizidishi cha DSP48E1, kwa mfano, hufika kasi yake halisi kikiwa na rejesta mlangoni, katikati na kwenye kutokea. Kila rejesta inachelewesha ishara kwa mdundo mmoja wa saa. Kwenye njia iliyonyooka hakuna tatizo: HDL Coder inaangalia njia nyingine zinazokwenda sambamba, inaziongezea ucheleweshaji ule ule, na ishara zinakutana tena kwa wakati.

Sasa weka kitanzi. Kichujio kidogo cha kuondoa mwegamo wa umeme kwenye sauti kina fomula hii:

y[n] = x[n] − x[n−1] + 0.995·y[n−1]

Jibu la sasa linahitaji jibu lililopita. Ukipachika rejesta tatu kwenye kizidishi kilicho ndani ya kitanzi, y[n−1] inakuwa y[n−4]. Hicho ni kichujio kingine kabisa, na hakuna njia ya sambamba ya kuongezea ucheleweshaji ili mambo yakae sawa. Programu inakataa, na ina haki.

Unazo njia tatu. Ya kwanza ni kuzima rejesta za kupachikwa ndani ya mfumo mdogo wenye kitanzi, ukakubali saa iende polepole. Kwa kazi ndogo inatosha. Ya pili ni kubadilisha hesabu yenyewe, kuandika kichujio upya ili jibu la sasa litegemee jibu la sampuli kadhaa nyuma. Inawezekana, vitabu vya uchakataji wa ishara vina sura zake, na mimi huiacha iwe ya mwisho.

Ya tatu ndiyo tamu kwa watu wa sauti. Sampuli zako zinakuja 48,000 kwa sekunde huku saa ya chipu ikidunda mara milioni 100. Kati ya sampuli moja na nyingine kuna zaidi ya midundo elfu mbili inayopita bure. Iambie HDL Coder hivyo kupitia mpangilio wa Oversampling factor, na uwashe Clock-rate pipelining. Rejesta zitapachikwa kwa kasi ya saa ya chipu, hesabu itamaliza mizunguko yake kabla sampuli ijayo haijafika, na ukitazama kwa jicho la sampuli, y[n−1] bado ni y[n−1].

Kuna kikwazo kimoja kidogo: 100,000,000 gawanya kwa 48,000 ni 2,083 na theluthi, na mpangilio huo unataka namba kamili. Tumia MMCM, kitengo cha kubadilisha kasi ya saa kilicho ndani ya chipu, kutengeneza MHz 96 kutoka MHz 100. Hapo unapata midundo 2,000 kamili kwa kila sampuli.

Na kitanzi kisicho na ucheleweshaji hata mmoja? Simulink hukikisia jibu kwa kurudiarudia hesabu mpaka namba zitulie. Saketi haina mwalimu wa kukisia. Weka bloku ya Delay ndani ya kitanzi au panga hesabu upya.

7. Kuchelewa si kukosea

Umelinganisha matokeo ya kodi na ya modeli, yote hayafanani, moyo umekwenda mbio. Kabla ya kufuta chochote, sogeza mstari mmoja wa wimbi mbele kwa midundo michache. Mara nyingi yatalala moja juu ya jingine. HDL Coder hutengeneza modeli nyingine yenye gm_ mwanzoni mwa jina, ikiwa na ucheleweshaji wote uliopachikwa. Hiyo ndiyo ya kulinganisha nayo, siyo ile uliyoichora kwa mkono.

Tofauti ikiwa mwanzoni tu, kisha kila kitu kinakwenda sawa, chunguza ucheleweshaji mrefu uliohamishiwa kwenye RAM. RAM ya chipu haisafishwi kwa reset, kwa hiyo sampuli za kwanza zinatoka na takataka. Kuna mpangilio wa kuruka sampuli hizo wakati wa ukaguzi. Utumie, lakini hesabu mwenyewe ziwe ngapi; usiandike namba kubwa ili ukaguzi upite.

8. Vizidishi havikutoshi? Labda huvihitaji

Chipu ya XC7A35T iliyo kwenye bodi yetu ina DSP48E1 90. Kichujio cha vigezo 128 kikichorwa kwa namna ya kawaida kinadai 128. Watu wengi hapa huanza kutafuta bodi kubwa zaidi na fedha ya kuinunua.

Kwanza, vigezo vya FIR ya kawaida vina ulinganifu, nusu ya kushoto ni sawa na ya kulia. Ukichagua muundo unaoutumia ulinganifu huo, vizidishi vinashuka mpaka 64. Pili, kumbuka midundo 2,000: kizidishi kimoja kinaweza kuzunguka vigezo vyote 128 na bado kikabaki na muda mwingi wa kulala. Chagua muundo wa mfululizo kwenye mipangilio ya bloku ya kichujio.

Angalia na upana. DSP48E1 inazidisha biti 25 kwa 18. Sampuli za biti 24 na vigezo vya biti 18 zinaenea kwenye kitengo kimoja. Ukiweka vigezo vya biti 24 kwa sababu tu vinaonekana nadhifu, kila kizidisho kitakula viwili.

9. Vivado ikilia muda, rudi kwenye mchoro

Kwa MHz 96 una nanosekunde 10.4 kutoka rejesta hadi rejesta. Ripoti ikionyesha muda wa ziada ulio hasi, kuna njia imezidisha hapo. HDL Coder inaweza kuchukua matokeo ya usanisi na kukuwekea rangi kwenye modeli, uone njia hiyo ilipo; mara nyingi ni mnyororo mrefu wa majumlisho au ugawanyaji uliosahaulika. Weka pia Target Frequency, maana upachikaji wa rejesta wa kujirekebisha unahitaji kujua unalenga kasi gani na chipu gani.

Halafu kuna hili ambalo halisemwi vya kutosha: HDL Coder usipoigusa huzalisha reset isiyofuata saa. Rejesta zilizo ndani ya DSP48E1 zinakubali reset inayofuata saa tu. Matokeo yake ni kwamba rejesta zako zinaachwa nje ya kitengo, na kasi uliyoitegemea inapotea. Kwa chipu za Xilinx badilisha Reset type iwe Synchronous siku ya kwanza.

10. Folda fupi, majina ya kawaida

Windows na njia za faili zinazozidi herufi 260 ni ugomvi wa zamani, na Vivado huchimba folda ndani ya folda. Weka mradi karibu na mzizi wa diski, bila nafasi kwenye majina. Mlango wa modeli usiuite signal, process wala out. Hayo ni maneno ya VHDL yenyewe, na utakuta jina lako limefungiwa mkia wa _rsvd.

11. Usiguse faili lililozalishwa

Najua inavutia. Mstari mmoja tu, unabadilisha, unaendelea. Ukizalisha tena, umefutika, na kosa litarudi wakati umeshasahau kwamba uliwahi kulirekebisha. Soma kodi hiyo upendavyo; kuisoma kunafundisha, na maoni yaliyomo yanakurudisha kwenye bloku iliyozaa kila mstari. Ukitaka kuiendesha nyumbani ambako leseni ya MATLAB haipo, GHDL ya VHDL na Verilator ya Verilog ni za bure, na GTKWave itakuonyesha mawimbi. Ila marekebisho yafanyike kwenye modeli.

12. Hujui kosa liko wapi? Kata katikati

Ondoa nusu ya mfumo, unganisha waya moja kwa moja, zalisha. Ikipita, mgonjwa yuko kwenye nusu uliyotoa. Kata tena. Modeli kubwa inafika kwenye bloku moja kwa mikato michache, haraka kuliko kuikodolea macho.

13. Uigaji umepita, bodi bado imenuna

Tazama mambo madogo kwanza. Kodi ya HDL Coder huja na milango ya clk, reset na clk_enable. Huyo wa mwisho asipopewa 1, hakuna rejesta itakayosogea, na hutaona kosa lolote popote. Reset kwa kawaida hufanya kazi ikiwa 1, lakini kitufe chekundu cha reset kwenye Arty A7 hutoa 1 kikiwa hakijabonyezwa. Ukiviunganisha moja kwa moja, saketi yako itakaa kwenye reset mpaka mtu aje abonyeze kitufe na asitoe kidole. Weka kigeuzi katikati.

Sauti ikitoka imepasuka-pasuka kana kwamba juu na chini vimebadilishana, soma karatasi ya data ya kigeuzi chako cha analogi kwenda dijiti. Baadhi huanza kuhesabu kutoka sifuri hadi kikomo, na modeli yako inategemea kijalizo cha mbili. Kugeuza biti ya juu kabisa kunatosha.

Na kama hitilafu inakuja na kuondoka, leo ipo kesho haipo, shuku saa. Kigeuzi cha sauti kina kristali yake, chipu ina yake, na hata zikiandikwa kasi inayolingana hazidundi pamoja. Simulink haikuonyeshi hilo kwa sababu ndani yake saa zote ni moja. Ishara ya biti moja inayovuka ipitishe rejesta mbili mfululizo za saa inayopokea. Sampuli nzima ipitishe kwenye FIFO yenye saa mbili, na uiache FIFO ikuambie lini sampuli iko tayari badala ya kuhesabu midundo 2,000 na kutumaini.